Pikipiki ya Mratibu

Habari ilinifikia kwa simu kutoka kwa fundi mwenye gereji ninayozibia pancha hapa Songea, mtu ambaye hajawahi kunipigia kwa ajili ya salamu. Alisema, "Mzee, Mratibu katutoka," na nyuma yake nikasikia mashine ya upepo ikiendelea kuunguruma kama kawaida. Nilimpa pole, naye akanipa pole. Nilidhani tumemaliza, lakini hakukata simu. "Sasa huyu dogo wake wa chuo nimfanyeje?" aliuliza. Nilimwambia kwamba siku ya msiba si siku ya kujadili mambo ya gereji. Akasema hilo analifahamu, ila dogo mwenyewe amekaa hapo juu ya tairi na anamtazama. Kabla jua halijazama nilikuwa nimekutana na watu kadhaa waliokwisha kusikia, na wote waliniuliza swali moja kwa sauti ya chini: "Ni ile pikipiki?" Haikuwa pikipiki. Mratibu alifariki hospitalini, kitandani, kwa maradhi ya figo yaliyokuwa yamemsumbua muda mrefu, na pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa barazani kwake Mjimwema, gurudumu la mbele limegeukia ukutani. Naliweka wazi jambo hili mapema kwa sababu wasomaji wengi wa safu hii waliwahi kuiona pikipiki hiyo barabarani, na najua walichokuwa wakikifikiri.

Kwa wale waliohamia mji huu karibuni, niseme kwamba marehemu alikuwa mratibu wa mafunzo kazini katika chuo kimoja cha ufundi. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wanafunzi mahali pa kwenda fildi: kwenye magereji, kwenye karakana za useremala, kwa mafundi umeme, kwa mafundi cherehani, jikoni mwa nyumba za wageni. Sikuwa rafiki yake. Tulifahamiana kwa namna watu wa mji wa kadiri hii wanavyofahamiana. Akiniona njiani alikuwa akisimama, lakini hakuwa akizima injini, kwa kuwa ikizimwa haikuwa na hakika ya kuwaka tena. Baada ya salamu aliniuliza swali lilelile siku zote: "Pikipiki yako nzima?" Nilimjibu kwamba ni nzima. "Pole," alisema, akaondoka. Kwa muda mrefu mazungumzo yetu yalikuwa hayo tu, na mtu asiyejua maana yake angeweza kudhani kwamba mmoja wetu hakuwa na akili timamu.

Maana yake ilikuwa hii. Siku za mwanzo za kufahamiana kwetu aliniomba pikipiki yangu ili wanafunzi wake wajifunzie, nikakataa. Sababu zangu zilikuwa nzuri. Pikipiki hiyo niliinunua mpya pamoja na kitabu chake cha maelekezo, na kitabu hicho nilikisoma kuanzia jalada hadi jalada. Zile kurasa za lugha nisizozijua nilitazama michoro. Oili nabadilisha kwa wakati uliopangwa, cheni naipima mwenyewe kwa rula. Mimi ni mtu niliyejifunza karibu kila ninachokijua kwa kusoma peke yangu, na mtu wa namna hiyo hutunza vitu vyake kwa utaratibu, maana hana mwalimu wa kumkimbilia mambo yakimwendea kombo. Mratibu alizisikiliza sababu zangu zote na hakupinga hata moja. Aliniambia tu kwamba kama pikipiki yangu ikija kupata ugonjwa wowote, hata mdogo, nimkumbuke. Haikupata.

Nirudi kwenye kazi yake, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nikae niandike. Utaratibu wa mafunzo kazini, ukiusoma, unapendeza. Mwanafunzi hukaa darasani kwa kipindi, kisha huenda kwa mwajiri kwa kipindi. Chuo kinafundisha "kwa nini", mwajiri anafundisha "namna gani". Pande mbili hizo husaini makubaliano, na mwanafunzi naye husaini chini yao. Nimewahi kuyasoma makubaliano ya aina hiyo, na yameandikwa kwa Kiswahili kizuri. Yanasema mwanafunzi "ashirikishwe katika kazi zote za mahali pa kazi". Fundi wetu naye aliyasoma, na aliyaelewa vizuri tu. Kufagia ni kazi ya mahali pa kazi. Kwenda kununua vocha ni kazi. Kuosha spana kwa petroli ni kazi, na kupika ugali wa mafundi ni kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu ukiungua hakuna anayerudi gereji mchana. Binti mmoja kutoka Namasakata, kule Tunduru, aliyeletwa na chuo kujifunza ufundi wa pikipiki, alishirikishwa katika kazi zote hizo kikamilifu. Alikuwa na masikio ya kusikia injini, hilo hata fundi alikiri baadaye, lakini muda mwingi alichokuwa akikisikiliza ni maji ya ugali yakichemka.

Siku ambayo mambo hayo yalibadilika nilikuwepo, nikisubiri kuzibiwa pancha. Alikuja kijana wa bodaboda, cheni yake imelegea. Fundi alikuwa chini ya bajaji, akamwita yule binti ashike spana aanze kuikaza. Kijana akaweka mguu mbele ya gurudumu lake kama mtu anayezuia mbuzi.

"Fundi, huyo dada asiguse hapa."

"Anajua, huyo. Yuko chuo."

"Ndiyo maana. Mimi nimeleta pikipiki, sijaleta daftari. Kama anataka kujifunza, kuna ya babu yake."

 Binti aliirudisha spana mahali pake, akanawa mikono, akarudi kwenye sufuria. Fundi akatoka chini ya bajaji na kuikaza cheni mwenyewe. Simlaumu. Bodaboda huambiana, na gereji inayosemwa kwamba pikipiki zinachezewa na wanafunzi hukauka kabla ya masika. Yule kijana pia sina la kumlaumu, kwa kuwa pikipiki yenyewe haikuwa yake na jioni alikuwa na bosi wa kumkabili.

Mratibu aliingia muda mfupi baadaye, katika ukaguzi wake wa kawaida. Alikuwa na mtindo wake. Hakuanza kwa kumuuliza mwajiri kuhusu maendeleo ya mwanafunzi, maana alisema waajiri wote hujibu "anajitahidi". Alianza kwa kumpa mwanafunzi mkono. Aliushika ule mkono, akaugeuza, akatazama kucha. Kucha za yule binti zilikuwa safi kama za karani wa benki, isipokuwa unga kidogo kwenye kidole gumba.

"Unapika nini?" aliuliza.

"Ugali, mwalimu."

"Na mboga?"

"Mboga anapika fundi mwenyewe. Anasema mimi bado sijaiva."

Mafundi walicheka, na fundi mkuu akacheka kwa sauti kuliko wote, kisha akaona kwamba Mratibu hacheki. Akajitetea. Alieleza habari ya bodaboda na mguu wake, na akasema kwa uaminifu kwamba yeye hana kinyongo na binti, ila wateja wake hawakusaini makubaliano yoyote na chuo. Mratibu aliyafikiria maneno hayo kwa muda. Nilimwona akiyafikiria, amesimama katikati ya gereji na mkoba wake. Kisha akatoka nje, akaisukuma pikipiki yake hadi ndani, akaiegesha mbele ya yule binti na kumpa ufunguo. Siku hizo bado ilikuwa pikipiki nzuri, nyekundu, ya rangi moja.

"Ifungue breki zote," alisema.

"Ina tatizo gani, mwalimu?"

"Haina."

Fundi akaingilia. "Mratibu, pikipiki isiyo na tatizo haifunguliwi."

"Hiyo ni kwa wateja wengine."

"Na akiiharibu?"

"Ni yangu. Si ya chuo, wala si ya mteja wako. Mteja ni mimi, na mimi nimekubali aiguse."

Akachukua kiti, akakaa karibu nami, akaniuliza kama yangu ni nzima.

Binti aliifungua na kuifunga kwa uangalifu mkubwa. Fundi alitaka kumwelekeza, lakini Mratibu alimwambia amwache kwanza amalize, wataiona kazi yake mwishoni. Mwishoni Mratibu alipanda, akaaga, akashuka mteremko unaoelekea sokoni. Tulimwona akifika chini bila kupunguza mwendo, tukaona ameinua mkono mmoja, nikadhani anampungia mtu. Alikuwa anawaondoa watu njiani. Alisimama kwenye lundo la pumba nyuma ya mashine ya kukoboa mahindi, akakaa hapo kidogo bila kushuka, pumba zikimfika magotini. Kisha akashuka, akajikung'uta, akaisukuma pikipiki hadi juu. Alipoingia gereji alikuwa mweupe hadi kwenye nyusi. Yule binti alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mteja amerudi," alisema Mratibu.

"Nisamehe, mwalimu. Wallahi sijui nimekosea wapi."

"Mimi si mwalimu, mimi ni mteja. Mimi sijui breki. Ninachojua ni kwamba nimekanyaga hapa, nikasimama kule. Nataka maelezo."

Maelezo yalipatikana baada ya kufungua tena. Binti alikuwa ameipaka grisi sehemu yote ya ndani ya gurudumu, pamoja na breki shuu zenyewe, zile nusu duara mbili zinazotakiwa kulibana gurudumu ili lisimame. Fundi alichungulia, akakaa chini kwa kicheko. "Binti, umezipaka mafuta kama chapati!" Lakini binti alikuwa na sababu, na aliitoa huku machozi yakimlenga. Chuoni walifundishwa kwamba kila kinachozunguka kipakwe grisi. Gurudumu linazunguka. Mratibu aliniambia baadaye kwamba sababu hiyo ilimkosesha usingizi kuliko lile lundo la pumba. Chuoni kwao pikipiki ya kufundishia ilikuwa imefungwa juu ya meza ya chuma. Gurudumu lake lilikuwa likizungushwa kwa mkono mbele ya darasa, na liliposimama lilisimama lenyewe kwa kuchoka. Wanafunzi walikuwa wamejifunza breki zote pale, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona breki ikimsimamisha mtu. Kanuni ya grisi ilikuwa sahihi kabisa juu ya meza ile.

Kabla ya kuondoka siku ile Mratibu alisema jambo ambalo nimelitafakari mara nyingi tangu hapo. Alisema makubaliano yao yana kasoro, kwa kuwa yameandikwa kwa pande tatu wakati pande ni nne. Kuna chuo, mwajiri na mwanafunzi, na hao wote husaini. Wa nne ni mteja, na huyo hakuna aliyewahi kumpelekea karatasi. Chuo kinaweza kuwa na nia njema, mwajiri akawa na moyo mkunjufu, na mwanafunzi akawa na bidii, lakini mteja akiweka mguu mbele ya gurudumu, mafunzo yameishia hapo. Alisema hawezi kuwalazimisha wateja wa mji mzima, ila anaweza kuwa mmoja wao.

Akawa mmoja wao kwa kiwango ambacho sijakiona kwa mtu mwingine. Kuanzia siku ile, kila mwanafunzi wa pikipiki aliyepita mikononi mwake aliifungua pikipiki yake na kuifunga. Iliacha kuwa ya rangi moja. Mwanafunzi wa umeme wa magari aliunganisha nyaya zake kwa namna ambayo ukiwasha taa ya kukata kushoto, honi inalia, na Mratibu alikataa isirekebishwe na fundi. Ilipaswa kurekebishwa na mwanafunzi atakayefuata, ambaye alifanikiwa kuihamishia honi kwenye taa ya kulia. Vijana wa bodaboda waliibatiza jina la "Chuo". Walipoisikia ikija walisogea pembeni na kusema, "Chuo kimefungua." Hata kijana yule aliyeweka mguu mbele ya gurudumu alikuwa miongoni mwao, ila siku moja cheni yake ilikatika njia ya Namtumbo, na aliyeiunga ni yule binti, aliyekuwa ametumwa huko kupeleka kipuri. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa kwamba binti alimwomba kwanza ruhusa ya kwenda kuanza na ya babu yake.

Haikuishia kwenye pikipiki. Nyumba yake ilisukwa umeme na wanafunzi. Kabati lake la vyombo lilitengenezwa na mwanafunzi wa useremala, na milango yake ilifunguka vizuri sana ila haikufunga. Suti yake ilishonwa na mwanafunzi wa ushonaji, mkono mmoja umezidi mwingine kidogo, kwa hiyo alizoea kusimama bega moja chini ili mikono ilingane, na watu wasiojua walidhani ana maumivu. Mkewe alilichukulia jambo hili kwa uvumilivu ambao haukuwa wa kimya. Msibani aliniita pembeni, macho yamevimba, akaniambia, "Baba, najua utaandika. Basi uandike ukweli. Swichi ya sebuleni inawasha taa ya jikoni. Miaka yote hiyo nikitaka kuingia jikoni namtuma mtu sebuleni." Nikamuuliza kwa nini hakumwita fundi arekebishe. "Fundi gani? Mume wangu alisema tusubiri mwanafunzi wa mwaka unaofuata. Nao walikuwa wanakuja, kila mwaka, wanahamisha tatizo." Akafuta macho kwa kanga, akaanza kucheka, na kinamama waliokuwa karibu wakamshika wakidhani amezidiwa.

Suti hiyo ndiyo aliyozikwa nayo. Ndugu walitaka kununua nyingine dukani, mkewe akakataa.

Sasa nieleze kuhusu yule dogo wa kwenye tairi, kwa sababu msibani habari yake ilikuwa bado haijapata jibu. Ni kijana mpole kutoka upande wa Mbinga, amekuja fildi kwenye gereji ileile. Chuo kinataka kwamba kabla ya kurudi, mkaguzi amwone akifanya kazi moja mwanzo hadi mwisho kwa mikono yake. Asipoonekana akifanya hivyo, fildi yake haihesabiki, na ataanza upya mwaka ujao kama wazazi wake wataweza kuanza upya pamoja naye. Alinisalimia, "Shikamoo mzee," akakaa nami kwenye benchi nje ya uzio wa maturubai. Nilimuuliza amejifunza nini hadi sasa. Alijibu bila uchungu wowote, "Kushika tochi, mzee. Fundi anafungua injini, mimi namulika. Nimekuwa mzuri kwenye tochi. Siku hizi haniambii hata wapi pa kumulika." Mratibu alikuwa amemwahidi pikipiki yake wiki ileile aliyolazwa.

Pikipiki ilikuwa pale barazani, hatua chache kutoka tulipokaa. Lakini kwa desturi ya ukoo wa marehemu, vitu vyake havitumiki hadi ndugu wakae baada ya arobaini na kuamua kila kitu kinakwenda kwa nani. Fundi alikuwa amejaribu kuizungumzia na mdogo wake marehemu, akajibiwa kwa heshima kwamba arobaini haina njia ya mkato. Fildi ya kijana ilikuwa inaisha kabla ya siku hiyo. Fundi alinieleza haya akiwa amekunja mikono kifuani. Alisema gereji nyingine mbili zimekwisha kumwambia kwamba hazitapokea tena wanafunzi. Hawakuwa wakipokea wanafunzi, alisema, walikuwa wakimpokea Mratibu. Naye mwenyewe alikuwa anafikiria kuandikia chuo kwamba anaacha kuwapokea.

"Mimi sina ubaya, mzee," alisema. "Lakini mtu anakuja kujifunza, anaondoka bingwa wa tochi. Si bora akae kwao?"

Yule binti wa Namasakata alifika asubuhi ya maziko kwa basi la kutoka Tunduru. Siku hizi ana gereji yake mwenyewe Nakapanya, kando ya barabara, na watu wanaoleta pikipiki zao hapo hawamuulizi amesoma wapi. Aliingia kwanza kwa mjane, wakalia pamoja. Alipotoka alikwenda moja kwa moja barazani, akachuchumaa mbele ya ile pikipiki kwa muda, akaitazama breki ya nyuma bila kuigusa. Kisha akaja kwenye benchi letu.

"Shikamoo mzee. Unanikumbuka?"

"Marahaba. Nakukumbuka. Grisi."

"Haya, na wewe umeanza." Alicheka, akajifuta macho kwa mtandio. Fundi akamweleza habari ya kijana, akimwonyesha kwa kidevu. Alimsikiliza hadi mwisho. Alimwambia kijana ampe mkono, akaugeuza, akatazama kucha. Kisha akanigeukia mimi.

"Mzee, ile pikipiki yako bado unayo?"

"Ninayo."

"Nzima?"

"Nzima."

"Pole," alisema.

Fundi alitazama chini. Kijana, ambaye hakuyajua mazungumzo hayo yalikotoka, alinipa pole naye.

Nilikuwa na sababu zangu, na nilizieleza. Nilisema kitabu cha maelekezo kinashauri wazi kwamba breki zisifunguliwe bila haja. Akasema hata breki za Mratibu hazikuwa na haja. Nilisema mimi ni mtu mzima na mteremko wa sokoni bado uko palepale. Akasema pumba nazo bado zipo, ameziona akipita na basi. Nilisema, na hapo nilikuwa nazungumza kwa uzito, kwamba mimi nimejifunza mengi bila kumsumbua mtu wala kuharibu kitu cha mtu. Alinitazama kwa upole mkubwa kuliko niliostahili. "Inawezekana, mzee," alisema. "Lakini mimi ningesoma hicho kitabu chako mara kumi, ningezipaka grisi mara kumi. Aliyenifundisha ni yule aliyerudi mweupe kama maiti ya Kiislamu akaniambia anataka maelezo. Mungu anisamehe, nilimchukia siku ile. Na kama asingerudi, ningekuwa Namasakata sasa hivi, napalilia."

Nimekaa na maneno hayo tangu tulipomzika. Vitabu vimenifundisha kwa uvumilivu, navishukuru, lakini hakuna kitabu kilichowahi kunirudia kikiwa kimejaa pumba. Nilipokosea, nilijikosea mwenyewe, nikajisahihisha mwenyewe, na kuna makosa ambayo kwa hakika bado ninayo kwa sababu hakuna aliyeyapanda akashuka nayo mteremko. Katika mji huu tunalalamika kila siku kwamba vijana wanaotoka vyuoni hawajui kazi. Nimeyasikia hayo benki, nimeyasikia baada ya misa, nimeyasikia kwenye gereji ileile kutoka kwa watu walioegemea pikipiki zao. Tukimaliza kulalamika tunaweka mguu mbele ya gurudumu. Matangazo ya kazi yanataka mtu mwenye uzoefu, na kila mmoja wetu anapenda uzoefu huo upatikane kwa kitu cha jirani. Kwa miaka kadhaa jirani huyo alikuwepo kweli, mtu mmoja mwenye pikipiki ya rangi nne, na kwa kuwa alikuwepo hatukulazimika kufikiri. Mji mzima ulikuwa umemwachia Mratibu kazi ya kuwa mteja.

Jumatatu baada ya maziko niliisukuma pikipiki yangu hadi gereji. Ningeweza kuiendesha, lakini nilitaka kufika polepole. Kijana alikuwa ameshika tochi, anamulika injini ya mtu. Niliiegesha mbele yake, nikampa ufunguo. Aliuangalia ule ufunguo, akaniangalia mimi, akamwangalia fundi.

"Ina tatizo gani, mzee?"

"Haina."

"Nifungue nini?"

"Breki. Na usinisikilize nikisema chochote."

Fundi aliichukua tochi mkononi mwa kijana. Alichuchumaa, akaiwasha, akaanza kummulikia.

Mkaguzi wa chuo alikuja, akamwona akifungua na kufunga breki hizo mwanzo hadi mwisho, na kwa upande wa chuo jambo hilo limekwisha. Kwa upande wangu halijaisha. Breki zinashika vizuri. Nimeshuka mteremko wa sokoni na nimesimama nilipotaka. Lakini taa ya breki haizimi. Inawaka muda wote, na wanaonifuata wanaamini kwamba nimo katika kusimama tangu nyumbani hadi niendako, kwa hiyo wananipita wakitukana. Ningeweza kuirekebisha mwenyewe kwa dakika chache, kitabu kina mchoro wake. Sitafanya hivyo. Kesho asubuhi nitairudisha gereji, nitamwambia yule kijana kwamba mteja amerudi na anataka maelezo. Mwenye kujifunza kazi ana haki ya kulalamikiwa.